Imekuja Yenyewe

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Muheza akaniomba nimtumie shilingi 35,000. Si mtu wa kuomba, kwa hiyo nilimuuliza kuna nini, naye akanieleza bila kificho kwamba anataka kuagiza kopo la dawa ya unga ya sukari, kwamba dawa hiyo husafirishwa kwa basi kutoka Mwanza, na kwamba mtaalamu ambaye yeye humtazama kwenye simu kila jioni amesema anayemaliza makopo matatu huachana na vidonge. Vidonge vya hospitali alikuwa ameshaanza kuvipunguza, anameza asubuhi tu. Nilinyamaza kwanza. Mwanamke huyu alifundisha hisabati na sayansi katika shule za msingi kwa miaka 31, na ndiye aliyenifundisha kusoma saa ya mishale. Siwezi kumweka katika kundi la watu wanaodanganyika upesi. Nilipomuuliza mtaalamu huyo alimpata wapi, alijibu: “Sikumtafuta, mwanangu. Imekuja yenyewe.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisikia sentensi hiyo kila mahali. Kinyozi wangu huisema anapoeleza alikopata habari kwamba msanii fulani amefariki, ilhali msanii yu hai. Mwanafunzi wa chuo ninayepanga naye nyumba moja huisema kuhusu mazoezi ya mgongo ambayo, kusema kweli, yamemsaidia. Ni sentensi ya ajabu ukiichunguza, kwa sababu haina mtu ndani yake. Video ndiyo inayokuja, tena inakuja kwa hiari yake kama mvua za vuli, na anayeipokea hana la kuulizwa wala hana wa kumuuliza. Nami tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni kwa msingi gani mtu anaweza kusema kwamba algoridhimu ya kupendekeza maudhui, yaani programu inayochagua uonyeshwe nini mtandaoni, imeitendea jamii jambo fulani: imemdhuru nani, imemfaa nani, na tumejuaje.

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi kwenda Muheza. Mama mdogo alinikabidhi simu bila wasiwasi wowote, na katika orodha ya video alizokwisha kutazama YouTube niliisoma safari yake yote kama mtu anavyosoma daftari la madeni la duka. Ilianza na mapishi ya muhogo wa nazi. Yakafuata mapishi ya wenye sukari, ambayo aliyatafuta mwenyewe, mara moja tu. Kisha faida za mdalasini. Kisha faida za majani ya mpera. Kisha mwanamume mwenye koti jeupe anayedai kwamba hospitali haitaki upone. Kisha, katika wiki ya sita, yule wa Mwanza. Hakuna hatua hata moja iliyokuwa ndefu. Kila video ilikuwa jirani ya ile iliyotangulia, na mtu mwenye akili timamu angevuka kutoka moja hadi nyingine bila kuhisi kwamba amehama mtaa.

Nilitoa hukumu yangu palepale, kwa maneno makali, mbele ya baba mdogo ambaye hakuwa ameuliza chochote. Kilichonirudisha nyuma ni safari ya kurudi Dar es Salaam. Tulipoondoka Muheza alipanda kijana mwenye mkoba, akasimama katikati ya viti, akatuamkia kwa adabu, akatangaza dawa ya sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, zote katika chupa moja. Aliuza chupa tatu, akashuka Segera. Wachuuzi wa namna yake nimewasikia kwenye barabara hiyo tangu nikiwa mwanafunzi wa bweni, wakati ambapo ukoo wetu mzima haukuwa na simu hata moja. Na mwaka 2020, maelekezo ya kujifukizia corona yalipoenea katika kila kundi la WhatsApp nililokuwamo, hakuna algoridhimu iliyoyasukuma. Yalisafiri kwa vidole vya watu, shangazi kwa binamu, binamu kwa jirani, na ndiyo maana hatua ambayo kampuni ya WhatsApp ilichukua Aprili ya mwaka huo ilikuwa kubana usambazaji wenyewe, ujumbe uliokwisha kuzunguka mno uweze kutumwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Anayetaka kuishitaki algoridhimu anapaswa kwanza kuiondoa hesabu hii, kwa sababu jamii tuliyokuwa nayo kabla yake haikuwa jamii isiyo na uongo.

Hata hivyo, nikiwa bado kwenye basi lile, niliona kwamba kijana wa Segera na mtaalamu wa Mwanza hawalingani. Yule wa basini hutangaza kwa sauti, kwa abiria wote, na abiria mmoja akicheka wengine husikia. Siku moja nilimwona mama aliyekuwa muuguzi akimhoji mchuuzi hadi akanyamaza. Tena hajui ni nani kati yetu aliyemtazama kwa sekunde nane badala ya mbili, na hata angejua, angeshuka Segera vilevile. Mtaalamu wa Mwanza alirudi kila jioni, chumbani, kwa mtu mmoja ambaye tayari alikuwa amesimama kumtazama, na hakukuwa na muuguzi kiti cha nyuma.

Namna anavyorudi si siri. Wahandisi wa YouTube walieleza hadharani mwaka 2016 jinsi mfumo wao ulivyopangwa wakati huo: programu ya kwanza huchuja mamilioni ya video hadi yabaki mamia, kwa kuangalia wewe umetazama nini na watu wanaofanana nawe wametazama nini, programu ya pili huyapanga mamia hayo kwa kukadiria utaitazama kila video kwa muda gani. Muda wa kutazama ulichukua nafasi ya idadi ya mibofyo tangu 2012, na kwa sababu nzuri, maana mibofyo ilikuwa ikiwatuza wenye vichwa vya habari vya kitapeli. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilisema kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutumia kwenye mtandao huo hutokana na mapendekezo. Katika mpango wa namna hii sioni mtu aliyekaa akakusudia kumdhuru mwenye sukari. Ninachoona ni kwamba swali la kama dawa inatibu halimo katika hesabu. Lililomo ni kama mama mdogo ataendelea kutazama, na mtu anayeogopa kukatwa mguu kama alivyokatwa mama mkubwa ataendelea kutazama.

Hapa ndipo “yenyewe” inapoanza kuyeyuka, kwa sababu uzito wa kila alama katika hesabu hizo hupangwa na watu ofisini. Nyaraka za ndani za Facebook ambazo Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alizitoa mwaka 2021 zinaonyesha jambo hili kwa uwazi ambao sijauona kwingine. Baada ya mabadiliko ya Januari 2018, ambayo kampuni iliyaeleza kuwa ni ya kuwakaribisha ndugu na marafiki, “kupenda” kulipewa pointi 1, kusambaza bila maneno pointi 5, na maoni marefu pointi 30. Alama ya uso wenye hasira, kuanzia 2017, ilihesabiwa mara tano ya kupenda. Ilichukua hadi Septemba 2020 kwa uzito wa hasira kushushwa hadi sifuri, na uliposhushwa, kwa mujibu wa nyaraka hizohizo, uongo na picha za kutisha zilizowafikia watu zilipungua, ilhali watu hawakupunguza kuutumia mtandao. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote tulio nao. Badiliko la tarakimu moja, bila sheria mpya na bila kumfungia mtu akaunti, lilibadilisha kile ambacho mabilioni ya watu walikiona asubuhi.

Sasa nije kwa tafiti zinazonisumbua, kwa sababu zinakwenda kinyume na hasira yangu. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020, watafiti wa vyuo vikuu kwa kushirikiana na Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, waliwahamisha maelfu ya watumiaji wa Facebook na Instagram kutoka kwenye mpangilio wa algoridhimu, wakawawekea mpangilio wa wakati, habari mpya juu na ya zamani chini, kwa miezi mitatu. Matokeo yalichapishwa Julai 2023. Watu hao walipunguza muda wa kukaa mtandaoni. Walikutana na matusi machache zaidi. Lakini walikutana na siasa nyingi zaidi, na hata na vyanzo visivyoaminika vingi zaidi. Misimamo yao ya kisiasa na chuki yao kwa upande wa pili havikubadilika kwa kiasi cha kupimika. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo ulipunguza kwa takriban theluthi moja habari zinazotoka kwa watu wenye mawazo kama ya mtumiaji, na huo pia haukuona badiliko la misimamo. Wapo waliozipokea habari hizi kama hukumu ya kuachiwa huru.

Mimi sikuzisoma hivyo, ingawa nazikubali. Mwaka 2024 watafiti wengine walieleza kwamba katika kipindi hichohicho cha jaribio Meta ilikuwa imechukua hatua za dharura za kupunguza habari zisizoaminika kwa sababu ya uchaguzi, kwa hiyo algoridhimu iliyopimwa haikuwa ile ya siku za kawaida. Hilo ni jambo la kitaalamu. Linalonigusa zaidi ni kwamba jaribio lilimhamisha mtu mmoja mmoja, likamwacha katika jamii ileile ambayo marafiki zake, magazeti yake na wanasiasa wake wote waliendelea kuandika kwa ajili ya algoridhimu. Ukimtoa samaki mmoja ukampima, huwezi kusema lolote kuhusu maji.

Na maji hubadilika. Katika nyaraka zile za Facebook mna taarifa ya chama kimoja cha siasa cha Poland ambacho watu wake wa mitandao walikadiria kwamba, baada ya mabadiliko ya 2018, machapisho yao yalitoka kwenye nusu kwa nusu, mazuri na ya kushambulia, yakafika asilimia 80 ya kushambulia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakisukumwa. Sihitaji kwenda Poland kulielewa hilo. Nina rafiki Mbagala, fundi wa simu, ambaye alianza kurekodi video za kufundisha namna ya kubadilisha kioo na kukagua chaji. Zilikuwa nzuri kweli. Mimi mwenyewe niliokoa simu moja kwa video yake. Watazamaji walikuwa 200, wakizidi sana 300. Siku moja alimrekodi mteja akigombana na mkewe dukani kuhusu picha zilizokutwa kwenye simu, na video ile ikavuka watazamaji 90,000 kwa siku mbili. Leo hafundishi tena. Amewaajiri vijana wawili wanaoigiza mume na mke wakifumaniana, kila wiki fumanizi mbili, na duka la simu limebaki kuwa jukwaa. Hakuna aliyebadilisha msimamo wake wa kisiasa katika kisa hiki, kwa hiyo hakuna utafiti wa misimamo utakaokiona, lakini Mbagala imepoteza mwalimu.

Linalofuata ndilo hasa lililonifanya niketi kuandika, nami silioni likijadiliwa vya kutosha katika lugha yetu. Mashine inayopendekeza haihitaji kujua Kiswahili. Inasoma vidole: ulisimama wapi, ulirudia nini, ulimtumia nani, na kidole cha Muheza husomeka sawasawa na kidole cha Ohio, Marekani. Mashine inayozuia, ile inayopaswa kutambua uchochezi, utapeli na dawa za uongo, yenyewe inahitaji kujua lugha, tena kuijua hadi kwenye mafumbo. Mtu anaposema kwenye video “wale wageni wetu wa bonde lile waanze kufunga mizigo,” hakuna neno baya hata moja ndani ya sentensi hiyo, na kila mtu wa bonde lile ameelewa. Kwa hiyo kampuni ya aina hii inapoingia katika lugha mpya, kichapuzi hufika siku ya kwanza, kikiwa kamili, na breki hufika baadaye, ikiwa itafika. Lugha hii inazungumzwa, kwa hesabu ya UNESCO, na watu zaidi ya milioni 200. Nyaraka za Haugen zilionyesha kwamba, katika kipindi fulani, asilimia 87 ya muda ambao Facebook iliutenga kwa kazi ya kuainisha habari za uongo ulikwenda Marekani, nchi ambayo haikuwa hata na sehemu kubwa ya watumiaji wake, na asilimia 13 iliyobaki ikagawanywa kwa dunia nzima. Kampuni ilijibu kwamba takwimu hizo hazikuwa kamili na hazikuhesabu wakaguzi wa nje. Tuseme ni kweli. Bado pengo la kufunikwa ni kubwa.

Tafiti nazo zina upungufu huohuo. Twitter, ilipoanzisha mpangilio wa algoridhimu mwaka 2016, iliwaacha nje watu wapatao milioni 2 ili iweze kulinganisha, na ulinganisho ulipochapishwa mwaka 2021 ulihusu nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Japani. Katika sita kati ya hizo, algoridhimu iliwakuza wanasiasa wa mrengo wa kulia kuliko wa kushoto. Ni kazi nzuri, na inathibitisha kwamba kipimo kipo, lakini kipo mkononi mwa mwenye duka, naye ndiye anayechagua mzani uwekwe nchi gani.

Mahali palipofika karibu zaidi na sisi ni Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi. Desemba 2022 ilifunguliwa kesi dhidi ya Meta ambayo miongoni mwa walalamikaji yumo mwana wa Profesa Meareg Amare, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliyeuawa kwa risasi Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumzushia. Familia inadai kwamba iliyaripoti machapisho hayo bila kupata msaada kwa wakati. Madai yao hayaishii kwenye fidia. Wanataka mahakama iiamuru kampuni ibadilishe algoridhimu yenyewe isizikuze chuki, na iajiri wakaguzi wa kutosha wa lugha za Afrika. Meta ilipinga kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba inaweza kuisikiliza kesi. Jinsi itakavyokwisha ni jambo la mahakama. Mimi ninachokitazama ni namna swali lilivyoulizwa: walalamikaji hawakuridhika kuuliza nani aliandika uongo ule, wakauliza nani aliuchukua akaupeleka kwa watu ambao hawakuutafuta.

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia na mabaya. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, vifungu vya muswada ule, kodi ya mkate na nyinginezo, vilichambuliwa katika video fupi kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, na zilifika kwa watu ambao hawakuwa wakiwafuata wachambuzi wowote na ambao wasingeusoma muswada kwenye karatasi hata siku moja. Ziliwajia zenyewe. Muswada uliondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na watu kupigwa risasi. Anayesema algoridhimu huharibu tu mazungumzo ya umma inabidi aeleze wiki zile. Lakini miaka miwili kabla yake, kuelekea uchaguzi wa 2022, mtafiti Odanga Madung wa Wakfu wa Mozilla alikuta kwenye TikTok ya Kenya zaidi ya video 130 za chuki na uzushi wa kisiasa kutoka akaunti 33, zilizotazamwa mara zaidi ya milioni 4. Njia ni ileile, na gari lililopeleka kodi ya mkate ndilo lililopeleka chuki; hivyo sioni faida ya kuuliza kama algoridhimu kwa jumla ni nzuri au mbaya. Naona faida ya kuuliza kila mfumo umepewa uzito gani, nani anaweza kuukagua, na umekaguliwa kwa lugha ipi. Umoja wa Ulaya umeshaandika sheria inayozilazimisha kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 45 huko kutathmini madhara ya mifumo yao, kuwafungulia watafiti data, na kumpa mtumiaji chaguo la mapendekezo yasiyotokana na kumchunguza yeye. Mwenye simu ileile akiwa Muheza hana haki hizo.

Nilimpeleka mama mdogo kliniki ya sukari wiki ya pili ya Ramadhani. Kipimo cha kidoleni kilisoma 17.4. Muuguzi aliandika namba hiyo kwenye daftari, na bila kuinua macho akamuuliza: “Mama, uko kopo la ngapi?” Hakuuliza kama anatumia kitu, aliuliza la ngapi. Nilimuuliza baadaye, tukiwa mlangoni, kama anawapata wengi. Akaniambia tangu mwaka juzi ameacha kushangaa, na kwamba huwa anauliza vilevile kila anapoona namba imepanda kwa mtu aliyekuwa akihudhuria vizuri. Nimesoma karatasi nyingi za watafiti tangu nianze kulifuatilia jambo hili, na bado daftari la muuguzi yule ndilo ushahidi ambao ningependa mtu mwenye nafasi na ujuzi akae nalo, tarehe kwa tarehe, alilinganishe na historia za simu za wenye majina hayo, kwa ridhaa yao.

Mama mdogo alirudi kwenye vidonge, asubuhi na jioni, kwa ajili ya muuguzi zaidi kuliko kwa ajili yangu. Jioni ile aliniomba nimwondolee “yule bwana” kwenye simu. Nilifuta historia yote, nikazima na kumbukumbu ya matazamo ili isijiandike tena, nikamrudishia. Aliufungua ukurasa wa mwanzo akaukuta mweupe, hauna video hata moja, pana kisanduku cha kutafutia tu pale juu. Akavaa miwani yake vizuri, akakitazama kisanduku kile kwa muda, kisha akanigeukia.

“Sasa nitazame nini?”